Hakuna kitafsiri kimoja cha nyaya zote: volti 5, 3.3 na 1.8 ndani ya kifaa kimoja

*"Ninatengeneza kifaa cha kurekodi hali ya hewa. Ubongo wake ni Arduino Uno ya volti 5. Kina kihisi cha BME280 kinachotumia I2C kwa volti 3.3, kadi ya SD inayotumia SPI kwa volti 3.3, na modemu ya 4G ambayo UART yake ni ya volti 1.8. Nilinunua bodi mbili za kutafsiri volti zenye njia nane, zilizoandikwa TXB0108, kwa sababu zinajitambulia zenyewe uelekeo wa ishara. Moja nimeiweka kwenye kihisi na kadi, nyingine kwenye modemu, na upande wake wa chini nimeulisha kwa regyuleta yangu ya volti 1.8. Mezani kihisi kilisoma vizuri. Nilipokiweka kwenye waya wa mita moja kikaanza kupotea. Nikashauriwa niongeze resista za kilo-omu 4.7 za kuvuta juu, na sasa hakionekani kabisa. Modemu nayo nikiikatia umeme bado napima karibu volti 0.8 ndani yake, na nikiiwasha tena mara nyingine haiamki. Rafiki mmoja anasema resista mbili zinatosha kila mahali. Mwingine anasema kati ya 3.3 na 5 hakuhitajiki kitu. Wiki mbili sasa. Ninunue kitafsiri kipi kimoja kitakachofaa nyaya zote?"*

Pole kwa wiki mbili hizo. Kwa maelezo uliyotoa, sidhani kama umekosea kuunganisha hata waya mmoja. Bodi zako zinafanya kile zilichoundwa kufanya, ila umezipa kazi tatu tofauti, na moja kati ya hizo si yao kabisa.

Kitafsiri kimoja cha nyaya zote hakipo, na habari njema ni kwamba hukihitaji. Kifaa chako kina mazungumzo ya aina tatu, yaani namna tatu za chipu kuongea kwa nyaya: I2C ya kihisi, SPI ya kadi na UART ya modemu. Na mawili kati yake yanatatuliwa kwa vipande vidogo visivyo na ujanja wowote ndani. Rafiki zako wote wawili wana sehemu ya ukweli, lakini kila mmoja ameona waya mmoja akadhani ameziona zote.

Watu wengi huchagua kitafsiri kwa kuangalia volti peke yake: nina 5 huku na 3.3 kule, nipe kinachobadilisha. Mimi huanza na swali lingine: nani anauendesha waya huu, na je, anausukuma juu na kuuvuta chini mwenyewe, au anajua kuvuta chini tu? Ukilijibu swali hilo kwa kila waya, volti hubaki kuwa hesabu ndogo ya mwisho.

Tuanze na hesabu hiyo ndogo, kwa kuwa ndiyo inayowagawa rafiki zako. Pini ya kupokea haisomi volti kama mita. Inaamua tu: hii ni moja, hii ni sifuri. Mikrokontrola ya Uno, ATmega328P, ikilishwa volti 5, inaahidi kusoma moja kuanzia asilimia 60 ya umeme wake, yaani volti 3.0, na kusoma sifuri chini ya asilimia 30, yaani volti 1.5. Katikati hapo haiahidi chochote. Ishara ya 3.3 inapoingia humo inapita mstari kwa volti 0.3 tu. Kwa hiyo rafiki yako wa pili hakudanganya. Kwenye meza, kwa waya mfupi, inafanya kazi, na nimeona vifaa vilivyoishi miaka hivyo hivyo. Lakini regyuleta ikishuka kidogo, na waya wa graundi ukipoteza sehemu ya kumi ya volti kwa sababu modemu inavuta umeme mwingi, ile 0.3 inayeyuka. Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni: datashiti ya chipu hiyo hiyo, yaani karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, kwenye jedwali la I2C, inadai asilimia 70, yaani volti 3.5. Kwa hiyo kile kinachoruhusiwa kwa UART na SPI hakiruhusiwi kwa I2C, ingawa chipu ni moja.

Upande wa pili, volti 5 kuingia kwenye pini ya 3.3, suala si kuelewana tena. Ni usalama. Chipu nyingi zinakubali umeme wake pamoja na volti 0.3 hivi juu yake, basi. Ukizidi hapo, umeme unapita kwenye daiodi za ulinzi zilizomo ndani ya pini na kuingia kwenye reli ya umeme ya chipu. Daiodi hizo ziliwekwa kwa ajili ya cheche za muda mfupi sana. Hazikuwekwa kubeba mzigo siku nzima.

Na hapo ndipo ilipo siri ya modemu yako. Waya wa UART ukiwa umepumzika hukaa juu. Haukai chini. Sasa wewe umeikatia modemu umeme, lakini regyuleta yako ya 1.8 bado inakilisha kitafsiri, na kitafsiri bado kinashikilia waya wa kutuma kwenye volti 1.8. Umeme unaingia kwa mlango wa nyuma: kutoka kwenye waya, kupitia daiodi ya pini, hadi kwenye reli ya modemu. Zile 0.8 ulizopima ndizo hizo. Ni kidogo mno kuiendesha modemu, lakini zinatosha kuiacha katika hali ya kutokuwa hai wala kufa, na saketi yake ya kuanza upya inaweza isitambue kwamba umeme ulikatika. Ndiyo maana mara nyingine haiamki.

Dawa yake ni rahisi kuliko ulivyodhani. Modemu nyingi za 4G zina pini inayotoa volti 1.8 kwa ajili ya kazi hii hasa. Tafuta kwenye datashiti ya modemu yako, mara nyingi jina lake ni VDD_EXT au linalofanana nalo. Ondoa regyuleta yako, ulishe upande wa chini wa kitafsiri kutoka kwenye pini hiyo. Modemu ikizima, 1.8 inazima nayo, na TXB0108 ikikosa umeme upande mmoja huachia matowe yake yote, yaani pini zake za kutoa ishara. Waya unakuwa huru na modemu inalala kweli. Pini hiyo ya modemu haitoi umeme mwingi, kwa hiyo usiitwike kitu kingine zaidi ya kitafsiri.

Tukiwa bado kwenye modemu: UART ina waya mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi, na uelekeo haubadiliki hata siku moja. Kwa nini basi ulipie chipu inayokisia uelekeo, wakati wewe unaujua tangu mwanzo? Kwa kifaa kitakachokaa nje miaka, ningeweka SN74LVC1T45 mbili, moja kwa kila waya. Kila upande wa chipu hiyo unakubali kuanzia volti 1.65 hadi 5.5, uelekeo unauweka wewe kwa kufunga pini moja iitwayo DIR, na umeme ukikatika upande wowote inaachia waya kama TXB inavyofanya. Pini ya DIR husomwa kwa kipimo cha upande A, kwa hiyo ifunge kwenye umeme wa upande A au kwenye graundi, si kwenye volti 5 za upande wa pili. Kisha ongeza resista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye pini ya kupokea ya Uno kwenda volti 5. Bila hiyo, modemu ikilala waya unaelea, na Uno itaanza kusoma herufi ambazo hakuna aliyezituma.

Je, resista mbili zingetosha hapa? Kwa waya wa kwenda, ndiyo kwa upande wa kasi. Kilo-omu 10 juu na 5.6 chini zinashusha volti 5 hadi 1.8. Kwa baudi 115200 kila biti inadumu mikrosekunde 8.7, na ucheleweshaji wa resista hizo pamoja na pikofaradi 20 za pini (uwezo wake mdogo wa kuhifadhi chaji) ni chini ya sehemu ya kumi ya mikrosekunde. Hakuna tatizo. Lakini modemu ikizimwa, resista hizo zitaendelea kuilisha kwa mlango ule ule wa nyuma, na hapo umerudi ulikotoka. Kwa waya wa kurudi resista hazisaidii kabisa. Zinajua kushusha tu, na 1.8 lazima ipande hadi juu ya 3.0 ili Uno isikie. Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza yuko sahihi kwa nusu ya waya mbili.

Nikuonye jambo moja kabla ya kuiacha modemu: pini ya kuiwasha, ambayo mara nyingi huitwa PWRKEY, usiipitishe kwenye kitafsiri. Kwenye moduli nyingi pini hiyo imevutwa juu kutoka ndani na inataka tu kushushwa kwenye graundi kwa muda fulani. Transista moja ndogo ya NPN inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko kitafsiri chochote.

Sasa I2C, ambako ndiko umeumia zaidi, na ninataka uielewe hadi chini kwa sababu ukiielewa hutasumbuliwa tena na swali hili.

Kwenye I2C hakuna anayeusukuma waya juu. Kila kifaa kinajua kitu kimoja tu: kuuvuta chini au kuuachia. Kinachoupandisha ni resista ya kuvuta juu. Fikiria mlango wenye springi: yeyote anaweza kuufungua, lakini kuufunga ni kazi ya springi. Utaratibu huo ndio unaoruhusu vifaa vingi kutumia waya mmoja bila kugombana, na kifaa kilichochelewa kuushikilia waya wa saa chini hadi kiwe tayari.

TXB0108 imejengwa kwa dhana nyingine kabisa. Inasubiri kuona ishara ikibadilika upande mmoja. Ikiona, inaisukuma kwa nguvu upande wa pili kwa nanosekunde chache tu, kisha inapunguza nguvu na kubaki inaushikilia waya kupitia resista yake ya ndani ya takriban kilo-omu 4. Ushikaji huo umefanywa dhaifu kwa makusudi, ili kifaa cha upande huo kikitaka kuongea kiweze kuishinda chipu. Hivyo ndivyo inavyojua uelekeo: inaacha ishindwe. Mtengenezaji anaeleza wazi kwenye datashiti kwamba resista yoyote ya nje ya kuvuta juu lazima izidi kilo-omu 50.

Weka sasa namba zako. Bodi nyingi za BME280 huja na resista za kilo-omu 10. Uno inapovuta chini upande wa volti 5, TXB inajaribu kushikilia sifuri upande wa kihisi kwa kilo-omu 4, huku 10 zikivuta kuelekea 3.3. Volti inayobaki ni 3.3 mara 4 gawanya kwa 14, yaani karibu 0.94. Kanuni ya I2C inataka sifuri iwe chini ya asilimia 30 ya 3.3, ambayo ni 0.99. Umeona? Mezani ulikuwa unaponea kwa sehemu tano za mia za volti. Haikuwa afya hata siku ile ya kwanza.

Kisha ukaongeza 4.7. Sambamba na 10 zinakuwa kama kilo-omu 3.2. Rudia hesabu: 3.3 mara 4 gawanya kwa 7.2, unapata 1.83. Hiyo si sifuri tena. Kihisi hakikupotea, hakijawahi kuambiwa sifuri tangu siku hiyo. Aliyekushauri alitoa ushauri sahihi wa I2C ya kawaida, na kwa I2C ya kawaida resista kali huokoa waya mrefu. Kwa chipu yako ushauri huo huo ni sumu. Unaweza kujionea kwa mita: andika programu fupi inayoishikilia pini ya SDA (waya wa data wa I2C) chini bila kuiachia, kisha pima upande wa kihisi. Utakuta kitu kilicho mbali na sifuri, na huenda hata kikacheza, kwa sababu chipu inaweza kudhani upande ule sasa unasema moja na ikaanza kushindana na Uno.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa kosa la ukoo huu. Kila nilipogusa waya kwa ncha ya osiloskopu, mawasiliano yalirudi, nikiiondoa, yanakufa. Ncha ile iliongeza pikofaradi chache, zikatosha kubadilisha muda ambao chipu iliona mpito. Tangu hapo sipitishi I2C kwenye kitafsiri cha kukisia uelekeo, hata kama kinafanya kazi mbele ya macho yangu.

Dawa ya I2C ni ya zamani na ni nzuri mno. Mwaka 1997 kampuni ya Philips, iliyoianzisha I2C yenyewe, ilitoa maelezo ya saketi yenye transista moja ya MOSFET kwa kila waya. Transista hiyo ina miguu mitatu: geti inayoiwasha, sosi na dreni. Geti inafungwa kwenye 3.3, sosi inaunganishwa upande wa 3.3, dreni upande wa volti 5, na kila upande una resista yake ya kuvuta juu kwenda kwenye umeme wake. Basi. Ifuatilie taratibu. Hakuna anayevuta: sosi iko 3.3 sawa na geti, transista imezima, kila upande unapandishwa na resista yake hadi kwenye volti yake. Kihisi kikivuta chini: sosi inashuka chini ya geti, transista inawaka, na upande wa volti 5 unavutwa nao. Uno ikivuta chini: daiodi iliyomo ndani ya transista inaanza kuishusha sosi, transista inawaka, na upande wa 3.3 unashuka kabisa. Hakuna kukisia, hakuna kipima muda, hakuna mshindani. Transista ina tabia ile ile ya waya: inajua kuvuta chini na kuachia tu.

Transista inayotumika sana ni BSS138, na bodi ndogo za njia nne zenye transista hiyo ndizo mafundi wengi wanazoziita leveli shifta. Kwa 5 na 3.3 inakufaa kikamilifu. Kwa 1.8 nisingeitegemea: inahitaji kati ya volti 0.8 na 1.5 kwenye geti ili tu ianze kuwaka, kwa hiyo ukipata iliyo mwishoni mwa kipimo hicho unabaki na 0.3 ya kufanyia kazi. Siku ukiwa na I2C ya 1.8, tafuta PCA9306, ambayo ina wazo lilelile ila geti zake hupangiwa volti sahihi na chipu yenyewe. Hakikisha tu upande wa volti ndogo uko pale panapoandikwa VREF1.

Resista zipi? Hapa usinakili, hesabu. Waya wako wa mita moja pamoja na pini na bodi tuukadirie pikofaradi 150. Muda wa kupanda, kwa namna I2C inavyoupima, ni 0.85 mara resista mara kapasitansi. Kwa kilo-omu 10 ni karibu nanosekunde 1270, na kikomo cha kasi ya kilohezi 100 ni 1000, kwa hiyo umevuka. Kwa 4.7 ni 600, uko salama. Kwa kilohezi 400 kikomo ni 300, na ungelazimika kushuka hadi 2.2, lakini kumbuka kwamba anayevuta chini anabeba resista za pande zote mbili kwa pamoja: 2.2 huku na 2.2 kule ni karibu miliampea 3.4, wakati kifaa cha I2C cha kawaida kinaahidi 3. Hali ya hewa haibadiliki kwa mikrosekunde. Kaa kwenye kilohezi 100, weka 4.7 pande zote mbili, mzigo wote ni miliampea 1.6 hivi. Na zihesabu zile 10 zilizomo tayari kwenye bodi ya kihisi, na zile zilizomo kwenye bodi ya transista, kwa kuwa zote ziko sambamba.

Kuna chipu nyingine utakayoshawishiwa nayo, TXS0108E. Majina yanakaribia kufanana na bodi zinafanana kama mapacha, lakini ndani ni mnyama mwingine: ina swichi na resista za kuvuta juu, na imekusudiwa pia kwa nyaya za aina ya I2C. Ukitaka kujua ulicho nacho, soma mgongo wa chipu na si maandishi ya bodi. TXB0108 huandikwa YE08 na TXS0108E huandikwa YF08E. Ingeokoa I2C yako mezani. Kwa waya wa mita moja bado nisingeichagua, kwa sababu nayo ina visukumio vya muda mfupi vinavyoweza kudanganywa na mwangwi wa waya.

Kadi ya SD haihitaji maneno mengi. Nyaya tatu zinatoka Uno, moja inarudi, uelekeo unajulikana. Chipu ya 74LVC125 iliyolishwa 3.3 inapokea volti 5 kwenye maingizo yake bila kudhurika na kutoa 3.3 safi kwa saa, data na CS (waya wa kuichagua kadi). Waya wa MISO unaorudi unaweza kwenda moja kwa moja ukiukubali ule ukingo wa 0.3, au upite kwenye 74AHCT125 iliyolishwa volti 5, ambayo inatambua moja kuanzia volti 2.0. Ukitumia hiyo ya pili, ifunge pini yake ya kuruhusu kwenye CS ya kadi ili iachie waya pale kadi isipoongea. Bila hivyo kifaa kingine cha SPI kitakosa nafasi ya kujibu. Resista mbili hapa ziache. Uno inaweza kuendesha SPI kwa megahezi 8, ambapo nusu ya mpigo ni nanosekunde 62, na resista za kilo-omu 10 na 20 pamoja na pini ya pikofaradi 20 tayari zina ucheleweshaji wa 133. TXB0108 yako, kwa upande mwingine, iko nyumbani kwenye SPI ya nyaya fupi, mradi bodi ya kadi haina resista kali za kuvuta juu. Kwa hiyo usizitupe bodi zako. Moja inaweza kubaki kwenye kadi, na nyingine kwenye modemu ukishahamisha ile 1.8.

Kabla hujanunua chochote, fikiria hili kwa dhati: kwa nini Uno? Ingekuwa mikrokontrola ya volti 3.3, kihisi na kadi vingeunganishwa moja kwa moja, na ungebaki na kazi ya modemu tu. Zipo bodi zenye ATmega328P hiyo hiyo zinazoenda kwa 3.3 na megahezi 8, na programu yako ingehamia karibu bila kubadilishwa. Usijaribu tu kuilisha Uno yenyewe 3.3 ikiwa bado inakwenda megahezi 16, kwani kwa volti hiyo datashiti inairuhusu kufika takriban 13. Kama kifaa kimeshakamilika na kimefungwa, endelea na vitafsiri. Kama bado kiko mezani, mimi ningebadilisha bodi.

Anza na modemu leo, kwa kuwa kuhamisha waya mmoja wa 1.8 hakugharimu kitu. Kisha toa SDA na SCL (waya wa saa wa I2C) kwenye TXB. Hakikisha graundi zote zimekutana, na zile za modemu ziwe nene, kwa sababu modemu ya 4G inayoangukia mtandao wa 2G inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kishindo, na hiyo peke yake inaweza kuizuia isiamke hata vitafsiri vikiwa sawa.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kukusaidia. Chipu ikiwa ya moto ukiigusa wakati hakuna mawasiliano, zima na usiendelee kujaribu. Kuna matowe mawili yanayopigana, na mtu mwenye uzoefu akiangalia bodi kwa macho ataliona kosa haraka kuliko sisi kuandikiana. Kihisi kikitakiwa kukaa mita kadhaa mbali, hasa nje ya jengo, tatizo lako si la kutafsiri volti tena. I2C haikuundwa kwa safari hiyo. Hapo inahitajika RS-485, njia ya kupitisha data kwenye nyaya ndefu, na ulinzi dhidi ya radi, na kazi hiyo ifanyike na fundi anayeweza kufika na kuona graundi ya jengo. Na kama baada ya mabadiliko haya kihisi bado kinapotea, tafuta mwenye osiloskopu. Mwombe apime SDA pande zote mbili za transista kwa wakati mmoja, ncha ikiwa kwenye mara kumi, na akuoneshe vitu viwili: sifuri inashuka hadi wapi, na moja inachukua nanosekunde ngapi kupanda. Nitumie namba hizo pamoja na thamani za resista zako zote, na nitaweza kukuambia ni ipi ya kubadilisha.